Darasa Lina Fungu, Mwalimu Hana

Msikilizaji wangu wa Mukuyuni, na wewe uliye Nunguni, Wote, Emali au ng'ambo kule Kitui, leo tuzungumze fedha za kujenga. Nasema zile fedha za maendeleo ambazo bunge la kaunti hupitisha kila mwaka kwa ajili ya madarasa ya chekechea, vyuo vya ufundi, maktaba, kumbi za jamii na viwanja vya michezo. Nianze na jambo lililoandikwa waziwazi katika sheria, ila barazani hulisikii.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 107, inaitaka kila kaunti itenge angalau asilimia 30 ya bajeti yake kwa maendeleo, ikipimwa kwa miaka kadhaa. Kanuni za 2015 zilizotungwa chini ya sheria hiyohiyo zikaweka mpaka upande wa pili: mishahara na marupurupu ya wafanyakazi yasipite asilimia 35 ya mapato. Sasa zisome mbili hizo pamoja, halafu uingie katika shule ya chekechea. Kuta, mabati, sakafu, dirisha na mlango vinaingia kwenye ile 30. Mwalimu anaingia kwenye ile 35. Kaunti ikijenga darasa imefanya wema unaohesabika. Ikimwajiri mwalimu wa darasa hilo imesogea hatua moja karibu na kosa.

Waliotunga kanuni hizo hawakuwa wajinga. Ugatuzi ulipoanza 2013, hofu ya kila mtu ilikuwa kwamba serikali arubaini na saba zingekula kila kitu katika mishahara, magari na safari, na wananchi wabaki na vibao vya ofisi. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, za kila robo ya mwaka, zimekuwa zikionyesha kaunti kadhaa zikishindwa kufikisha hata hiyo 30 katika matumizi halisi, huku posho na safari zikienda mbio. Kwa hiyo sitaki kanuni ya asilimia 30 ifutwe. Ninachosema ni kwamba imewazoeza wawakilishi wetu kukagua elimu kwa jicho moja, na jicho hilo linaona saruji tu.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iligawa kazi hivi: shule za msingi, za upili na vyuo vikuu ni za serikali ya kitaifa. Elimu ya awali, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulelea watoto ni vya kaunti. Utamaduni nao, pamoja na maktaba, makumbusho na vifaa vya michezo, uko chini ya kaunti. Kwenye karatasi mgawo huo hauna tatizo. Uwanjani mambo hayako hivyo, kwa sababu watoto wa chekechea wengi hawana uwanja wao. Wanasomea ndani ya boma la shule ya msingi.

Hebu fikiria boma kama hilo, katika eneobunge la Kaiti au kwingineko Ukambani. Darasa la kwanza lilijengwa na wazazi wakati wa harambee, na kabla ya harambee kulikuwa na mwethya, akina mama wakibeba mawe na maji kwa zamu. La pili limejengwa na hazina ya ustawi wa eneobunge, ile tuliyoizoea kwa jina la CDF tangu 2003. La tatu limetoka Wizara ya Elimu, baada ya wanafunzi wa gredi ya saba kubakizwa katika shule za msingi kuanzia Januari 2023. La nne, lililopakwa rangi za kuvutia, ni la kaunti, la chekechea. Boma moja, watoto walewale, ukuta hadi ukuta, na kila jengo lina mkaguzi wake. La CDF linaangaliwa na bunge la Nairobi. La chekechea linaangaliwa na bunge la kaunti yetu ya Makueni, pale Wote. La wazazi haliangaliwi na yeyote, ndiyo maana mabati yake yana kutu.

Na hao wa Nairobi wanaolikagua la CDF ni akina nani? Ni wabunge, walioshiriki kuamua lijengwe wapi. Mahakama ya Juu ililiona hilo. Mnamo Agosti 2022 ilitamka kwamba sheria ya CDF ya 2013 ilikiuka Katiba, kwa sababu, miongoni mwa nyingine, inavuruga mgawanyo wa kazi: mtunga sheria hawezi kuwa mtekelezaji kisha ajikague mwenyewe. Sheria iliyochukua nafasi yake, ya 2015, nayo ikaburutwa mahakamani, na mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu ikaitangaza pia kuwa kinyume cha Katiba. Wabunge hawajafurahi. Wazazi wengi nao hawajafurahi, kwa sababu CDF ndiyo iliyomjengea mtoto wao darasa na kumlipia basari. Siwalaumu. Lakini darasa zuri halijibu swali la nani analikagua.

Turudi Wote, maana bunge la kaunti ndilo ulilo nalo karibu. Makueni ina wadi 30. Kitui ina 40. Mwakilishi wadi wako ana kazi tatu: kuwakilisha, kutunga sheria, na kusimamia serikali ya kaunti kwa mujibu wa kifungu cha 185 cha Katiba. Hiyo ya tatu ndiyo inayotuhusu, na ndiyo anayoifanya kwa shida zaidi, kwa sababu mwananchi hampigii kura kwa kusoma ripoti. Anampigia kwa kuona jengo.

Watu wengi hudhani kazi ya bajeti hufanyika Mei na Juni, waziri wa fedha wa kaunti anapobeba mkoba na wapiga picha wakamzunguka. Kufikia hapo mlango umeshafungwa kwa sehemu kubwa. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bungeni kufikia Septemba mosi. Taarifa ya mkakati wa fedha, inayoweka viwango vya juu vya kila idara, hufika mwisho wa Februari, na bunge lina siku 14 tu za kuijadili na kuipitisha. Makadirio yenyewe huja kufikia mwisho wa Aprili. Na hapo ndipo kanuni ya 37 ya zile kanuni za 2015 inapobana: bunge haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia moja ya kiwango kilichowekwa. Asilimia moja! Mama wa Mukuyuni anayekuja kwenye mkutano wa hadhara Mei kuomba idara ya elimu iongezewe anaomba kitu ambacho sheria imekwisha kukikata Februari. Anapewa kipaza sauti, anapigiwa makofi, jina lake linaandikwa kwenye daftari la mahudhurio, na kiwango kinabaki palepale.

Kwa hiyo ukaguzi wa kweli wa fedha za kujenga ni wa Septemba na Februari, wakati hakuna wapiga picha. Kuna mlango mwingine pia, wa nyuma. Ni bajeti ya ziada. Kifungu cha 135 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma kinairuhusu kaunti kurudi bungeni katikati ya mwaka na kubadilisha matumizi, mradi nyongeza isipite asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa. Bajeti ya ziada ina sababu zake halali, maana mvua hunyesha, madaraja hubebwa, na Hazina ya Kitaifa huchelewesha mgao miezi na miezi. Lakini ndiko mradi uliopigiwa kura na kijiji kizima unakoweza kuhamishwa kimya kimya, ukasogezwa mwaka ujao au ukapungua kutoka madarasa mawili hadi moja na choo. Kwenye bajeti kuu watu huitwa kwa tarumbeta. Kwenye ya ziada, tangazo hubandikwa ukutani.

Makueni tunajua vita vya bajeti ni nini. Katika muhula wa kwanza wa ugatuzi, serikali ya gavana wa wakati huo, Profesa Kivutha Kibwana, na bunge la kaunti walikamatana mashati juu ya nani aamue fedha ziende wapi, na nani azishike. Mnamo Septemba 23, 2014, katika majengo ya bunge pale Wote, risasi zililia na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia saini ombi la kutaka kaunti yote isimamishwe. Tume ikaundwa chini ya wakili Mohamed Nyaoga, ikazunguka ikasikiliza, na ikapendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015, akawaambia wapatane. Wengi wa wawakilishi wa muhula ule hawakurudi baada ya uchaguzi wa 2017.

Kutoka katika vumbi lile likaja jambo ambalo hadi leo wageni hutoka mbali kuja kulitazama: ushirikishaji wa wananchi kuanzia kijijini, kupanda hadi kundi la vijiji, wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti. Kila mradi ukawa na kamati yake, iliyochaguliwa na wenyeji wenyewe, na mwanakandarasi akawa halipwi mpaka kamati iridhike na kazi. Hiyo ni nguvu kubwa. Mzee asiyejua kusoma Kiingereza cha mkataba anajua kokoto mbovu akiiona, na anajua mifuko mingapi ya saruji ilishuka kwenye lori. Sina hakika bunge lolote duniani lina mkaguzi mzuri zaidi ya huyo.

Lakini ona kamati ile huishia wapi. Inachaguliwa jengo linapoanza, inatia saini jengo linapokwisha, na inavunjika. Hakuna anayeichagua kamati ya mwaka wa pili, mwalimu akikosekana, wala ya mwaka wa tatu, tangi la maji likipasuka. Mwanakandarasi amelipwa, idara imeripoti kwamba fedha zimetumika kikamilifu, na bunge limeandika kwamba mradi umekamilika. Umekamilika kwa nani? Mtoto wa miaka minne bado hajaingia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna ukaguzi wetu unavyofanywa. Tazama ripoti zinazowekwa mbele ya kamati za bunge la kaunti, hii au nyingine yoyote. Swali la kwanza huwa asilimia ngapi ya fedha za maendeleo imetumika. La pili, kazi imefika kiwango gani. La tatu, kuna madeni ambayo hayajalipwa? Ni maswali ya lazima, sikatai. Ila yote matatu yanamhusu mwanakandarasi. Hakuna hata moja linalomhusu mwalimu, mkutubi au mwanafunzi. Chuo cha ufundi kinaweza kufaulu mitihani hiyo yote mitatu huku cherehani zikiwa bado ndani ya makasha na mwalimu wa ushonaji akiwa kibarua wa mkataba anayesubiri malipo.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ndiye anayekaribia zaidi kuuliza la maana. Maafisa wake huenda uwanjani, hukuta jengo lililokamilika na halitumiki, na huandika hivyo. Huandika pia kuhusu ardhi isiyo na hati, na hapa chekechea zetu zina kesi ngumu, maana kaunti imejenga katika boma la shule ya msingi, na boma hilo mara nyingi lilitolewa na kanisa au na familia fulani enzi za babu. Katiba inamtaka atoe ripoti ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na kifungu cha 229 kinalitaka bunge liijadili na kuchukua hatua ndani ya miezi mitatu. Miezi mitatu hiyo imekuwa hadithi. Mabunge ya kaunti, na Seneti pia, hujikuta yakijadili ripoti za miaka iliyopita, wakati afisa aliyetia saini hati ya malipo amehamishwa, waziri amebadilishwa, na mwanakandarasi amefunga kampuni na kufungua nyingine.

Jirani zetu Watanzania wana somo moja hapa, ingawa nao hawajamaliza matatizo yao. Mwaka 2021 na 2022 serikali yao ilitumia fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, zilizotolewa kwa sababu ya UVIKO-19, kujenga madarasa 15,000 kwa muda wa miezi michache, na kazi nyingi ilifanywa na mafundi wa palepale chini ya kamati za kijiji. Wakosoaji waliuliza swali lilelile ninalouliza mimi: walimu wako wapi? Ninachokitamani kutoka kwao si kasi ya ujenzi. Kila mwaka ripoti ya mkaguzi wao inapofika bungeni Dodoma, inakuwa gumzo la nchi. Wabunge wanabishana kwa Kiswahili, redio zinarusha, na mchuuzi wa sokoni anaweza kukwambia halmashauri ipi imepata hati chafu. Kwetu ripoti ni ya Kiingereza cha wahasibu, nayo hukaa kwenye rafu. Ni lini mara ya mwisho ulisikia katika kituo chochote cha lugha yetu mtu akiisoma hoja ya ukaguzi ya wadi yako, kuanzia mwanzo hadi mwisho?

Sijagusa utamaduni, na nisipougusa nitakuwa nimefanya vilevile wanavyofanya wenye bajeti. Fungu la utamaduni ni dogo, limefungwa pamoja na mambo mengine katika idara moja. Bajeti ya ziada inapotafuta pa kukata, hapo ndipo pepesi, kwa sababu hakuna mgonjwa atakayefia kwenye ukumbi wa ngoma. Na kile kinachosalia hujengewa ukumbi. Mwanasiasa anaupenda ukumbi. Una paa kubwa, unaonekana kutoka barabarani, na unakatwa utepe.

Lakini utamaduni wetu ulihitaji ukumbi tangu lini? Mwamba wa Nzaui, ambako simulizi za wazee zinasema Mulungu ndiko alikomshushia Mkamba wa kwanza na mkewe, unahitaji njia ya kuupanda, kibao cha maelezo, na mwongozaji aliyelipwa anayejua hadithi yake. Bibi anayejua nyimbo za ngoma yetu ya kilumi anahitaji mtu mwenye kinasa sauti aende kumrekodi kabla hajatutoka, na kanda hizo zihifadhiwe mahali. Maktaba ya mji mdogo inahitaji vitabu vipya kila mwaka, taa hadi saa mbili za usiku kwa mwanafunzi asiye na umeme nyumbani, na mkutubi. Vingi vya vitu hivyo haviitwi maendeleo katika lugha ya bajeti. Ni matumizi ya kawaida. Kwa hiyo havimo katika ile asilimia 30, na ndiyo maana tunajenga nyumba ya utamaduni na kuusahau utamaduni wenyewe nje, mfano wa mtu aliyenunua kasha la dhahabu akakosa nauli ya kwenda kuichukua dhahabu.

Basi bunge lifanye nini? Haliwezi kubadilisha sheria ya kitaifa, na si lazima. Ndani ya mamlaka liliyo nayo, kamati ya elimu na ile ya bajeti zinaweza kukataa kupitisha mradi wowote wa kujenga, uwe wa shilingi milioni moja au mia moja, usiokuja na ukurasa wa pili. Ukurasa huo uandikwe: jengo hili likikamilika, nani ataingia ndani, atalipwa kutoka fungu gani, kiasi gani kwa mwaka, na ardhi ni ya nani. Jibu la "tutaangalia baadaye" likataliwe. Waziri atalalamika kwamba hana nafasi ya mishahara chini ya ile asilimia 35. Hapo sasa mjadala utakuwa wa kweli, maana atalazimika kuchagua: darasa jipya moja, au walimu wa madarasa mawili yaliyopo. Mara nyingine jibu sahihi litakuwa ni kutojenga kabisa. Ni mwakilishi wadi gani atakayesimama bungeni kusema wadi yangu isijengewe kitu mwaka huu? Hayupo. Lakini akijua wapigakura wake wanaulizia mwalimu badala ya utepe, huenda akapatikana.

Na wewe huna haja ya kusubiri Februari. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuandika barua, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, kuomba habari kutoka ofisi ya umma. Huhitaji wakili, na huhitaji kueleza kwa nini unataka kujua. Taja jengo, taja kijiji, na uulize mambo mawili: liligharimu kiasi gani hadi likakamilika, na mwaka huu limetengewa kiasi gani cha kuliendesha. Peleka ofisi ya idara husika Wote, na nakala uipeleke kwa karani wa bunge la kaunti. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza, au jibu lisipokuridhisha, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Weka nakala yako yenye muhuri wa tarehe waliyoipokea, maana zile siku 21 zinahesabiwa kutoka kwenye muhuri huo, na zile 30 kutoka siku uliyojulishwa uamuzi wao.